Kirangozi ni Nani?

Ni Ijumaa, na kundi la marafiki kwenye simu limechangamka tangu jana usiku. Land Cruiser imepatikana, mahema yapo, kesho porini Ugalla! Nyama ya kuchoma imejadiliwa kwa kina. Tairi la akiba, koleo, kamba ya kuvutia na maji ya kunywa, kimya.

Kwa watu wa Tabora hiyo ni aibu kidogo. Wapagazi wa Kinyamwezi walitembea kati ya Bagamoyo na Ujiji na mizigo mabegani, na kila msafara ulikuwa na kirangozi wake, mtu wa kutangulia na kuijua njia. Njia ikifungwa, walizunguka. Mwaka 1871 vita vya Mtemi Mirambo viliifunga njia ya magharibi. Mwandishi wa habari Stanley akaondoka Kwihara, karibu na Tabora, Septemba, akashuka kusini, akafika Ujiji Novemba.

Basi kabla ya kununua mkaa, mchagueni kirangozi. Si lazima awe mwenye gari. Aulize warina asali kama mbuga za udongo mweusi zinapitika, maana zikilowa humeza magurudumu. Ugalla ni hifadhi ya taifa tangu 2019, hivyo mambo ya kambi yamalizwe mapema na TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Nguo nyeusi na za buluu ziacheni nyumbani. Mbung'o wanazipenda mno.

Na mjini abaki mtu anayejua mmepita wapi na mnarudi saa ngapi Jumapili.