"Hatukujua"

Kwa majuma mawili gari letu lilikuwa likitoa mlio mwembamba nyuma kila tulipopunguza mwendo Georgia Avenue. Tuliongeza sauti ya redio. Tulichungulia kwenye matundu ya rimu, tukaona pedi ya breki bado nene, tukaridhika. Jumapili tukabeba watoto watatu wa kwaya na mama mmoja mtu mzima. Tuliposhuka kanisani, gurudumu la nyuma kulia lilinuka kuungua.

Fundi alipolifungua alituonyesha kwamba tuliyoiona ni pedi ya nje. Ya ndani ilikuwa imekwisha, chuma kinakwangua diski. Chumvi inayomwagwa barabarani huku wakati wa theluji huleta kutu, na pini ambazo kalipa huteleza juu yake zilikuwa zimeganda. Basi pedi ya ndani ikawa inasugua peke yake, bila kuachia vizuri. Kuweka pedi mpya tu kungekuwa kujidanganya. Alibadilisha diski na pedi pande zote mbili, akasafisha pini na kuzitia grisi ya breki. Pistoni aliirudisha kwa kuizungusha, kwa sababu katika gari letu hendibreki imeungana nayo. Ukiisukuma kwa nguvu unaiharibu.

Tumebaki na swali: je, tulikosa? Hakuna aliyeumia. Breki za mbele ndizo hubeba kazi kubwa, na gari lilisimama kila mara. Hata kwa sheria ya Maryland lilikwisha kukaguliwa tuliponunua, maana gari lililotumika hukaguliwa linapobadilisha mwenyewe.

Lakini sisi tulio wauguzi tunajua jibu hilo halipiti wodini. Ukisema hukujua kwamba presha ya mgonjwa imeshuka, utaulizwa kwanza kama ulipima. Pedi ya ndani ilifichika, hiyo tunajisamehe. Mlio haukufichika. Na mtoto anayefungwa mkanda kwenye kiti cha nyuma hana namna ya kukagua chochote, ametuachia sisi.

Wengine watataja fedha, na hawakosei. Anayefanya shifti mbili na kutuma karo nyumbani hana dola mia kadhaa za ghafla. Hiyo yaweza kuwa sababu ya kuchelewa gereji. Kubeba watoto wa wenzetu huku tumenyamaza, hapana. Tungeomba lifti, au tungeomba mchango. Tuliona aibu, basi.

Juzi tulimshukuru yule mama, kwa kuwa ndiye aliyetangulia kuitaja harufu. Akainamisha kichwa. Akasema aliisikia hata Jumapili iliyotangulia, ila aliyepewa lifti hatoi kasoro gari la watu. Tulitaka kumwambia amekosea, tukakumbuka redio.