Yai Juu ya Mkate

Jumapili tulisoma hitima ya mjomba wangu. Zaidi ya miaka thelathini alikuwa melini, na kila aliyesimama kumkumbuka alisema maneno yale yale: "Alikuwa baharia, Mungu amrehemu." Basi. Huko alikula nini? Nani alimwamsha kwa zamu ya usiku wa manane? Hakuna aliyejua, na mimi niliyesomeshwa kwa mshahara wake sikuwahi kumwuliza.

Tangu siku hiyo namfikiria Cyril Tawney, Mwingereza aliyezaliwa Gosport mwaka 1930. Alijiunga na jeshi la wanamaji akiwa na miaka 16, akatumikia miaka 13, mingine ndani ya nyambizi, na alianza kutunga nyimbo akiwa bado kazini. Upo wimbo wake wa yai la kukaanga juu ya mkate wa kukaanga, chakula ambacho mabaharia wenzake walikiita kuku juu ya chelezo. Upo wa muuza maandazi ya nyama na viazi kwenye lango la bandari ya kijeshi ya Devonport, ambaye siku zilifika hayupo tena. Na upo Grey Funnel Line, wa mwaka 1959, mwaka aliotoka jeshini. Jina hilo ni utani wa mabaharia: manowari zao zilikuwa na dohani za kijivu, basi wakaliita jeshi lao kana kwamba ni kampuni ya meli. Anayeimba humo hatafuti nishani. Amechoka na bahari, anamtaka mpenzi wake.

"Yai na mkate nalo ni jambo la kuimbwa?" ataniuliza mtu, huku akinihimiza nitafute mashujaa. Mashujaa wana sanamu na majina ya barabara. Aliyetoka zamu alfajiri, nguo zimelowa chumvi, akapewa lile yai, ana nini? Tawney alimpa wimbo, tena kwa maneno ya jikoni na sitahani, na kwangu hiyo ni heshima kubwa kuliko mizinga ishirini na moja.

Jana nilikwenda kwa mkaza mjomba. Anasema kila mumewe alipokuwa nyumbani, alfajiri akichemsha chai, aliimba wimbo ambao yeye hakuusikia kwa mtu mwingine. Maneno yamempotea. Anachokumbuka ni kwamba ulitaja injini, na jina la mpishi mmoja wa melini.