Kikao Bila Mwenyewe

Nilikuwa na miaka 19 wazee wa pande mbili walipokutana sebuleni kwetu kuamua mambo ya shangazi yangu, aliyekuwa ametoka kufiwa na mumewe. Walizungumza juu ya nyumba, shamba na watoto. Shangazi mwenyewe alikuwa jikoni akituchemshia chai. Mimi, kwa kuwa nilikuwa na mwandiko mzuri, nilipewa daftari niandike yaliyokubaliwa. Niliandika yote, wala sikuuliza mbona hakuitwa. Jioni alikuja taratibu akaniambia, "Haya baba, nisomee mlivyoniamulia."

Maneno yale hunirudia kila ninaposoma habari za mikutano ya mataifa juu ya wanawake wa Afghanistan. Taliban walirudi madarakani Agosti 2021, na tangu wakati huo wasichana wamefungiwa milango ya sekondari. Desemba 2022 vyuo vikuu vikafuata, na siku chache baadaye mashirika yasiyo ya kiserikali yakaamriwa yasiwatumie tena wafanyakazi wanawake.

Januari 2023, Amina Mohammed, Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, mwanamke Mwislamu kutoka Nigeria, alikwenda Kabul pamoja na Sima Bahous, mkuu wa shirika la umoja huo linaloshughulikia wanawake. Walizungumza na watawala ana kwa ana. Mashirika kadhaa yaliruhusiwa kuendelea kutumia wanawake katika kazi za afya, lakini marufuku yenyewe haikuondolewa. Aprili ikawafikia hata Waafghanistan wanawake walioajiriwa na Umoja wa Mataifa. Mwezi huo huo Baraza la Usalama, kwa kura zote 15, lilipitisha azimio la kuilaani.

Hapo ndipo penye fumbo, ndugu msomaji. Katika nchi ile, kwa mila, si rahisi mwanamume mgeni kuingia nyumbani kwa mjane kumwuliza ana unga kiasi gani. Ukiendelea kugawa msaada kwa mikono ya wanaume peke yao, umeitii dhuluma, na mjane huenda asifikiwe. Ukisimamisha msaada kwa kupinga, mjane yule yule atalala na njaa. Mwenye kusema jibu ni jepesi, yamkini hajapata kulala na njaa.

Lakini Juni 30, 2024 fumbo lilichukua sura nyingine. Umoja wa Mataifa uliitisha mkutano Doha, na Taliban wakahudhuria mikutano ya mfululizo ule kwa mara ya kwanza. Mezani palizungumzwa biashara na mihadarati. Wanawake wa Afghanistan hawakukaa kwenye meza ile. Walionana na wajumbe kando, baada ya kikao kikuu kwisha. Rosemary DiCarlo, aliyeongoza mkutano, alieleza kwamba hoja za wanawake hazikuachwa.

Simtuhumu kwa nia mbaya. Wazee wetu nao hawakuwa na nia mbaya. Shangazi alipata nyumba. Lakini shamba alilokuwa akilima kwa mkono wake liliuzwa, kwa sababu hapakuwa na mtu pale aliyejua kwamba ndilo lililokuwa likilipa karo ya watoto. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Anayesema kwa niaba ya mwenzake, hata akiwa mwema, husema anayoyajua yeye.

Je, kiongozi wa mataifa asuse mkutano? Sidhani. Laiti ningetoka sebuleni siku ile, shangazi asingepata hata nyumba. Ila kukaa si lazima kuwe kunyamaza. Ningeweza kuweka kalamu chini nikasema, kwa adabu, kwamba siandiki neno mpaka mwenye jambo aitwe. Huenda ningekaripiwa, na huenda wangempa mwingine daftari. Lakini wangelazimika kusema kwa vinywa vyao kwamba hawamtaki, na jambo hilo lingeandikwa pia.

Basi, kwa maoni yangu, wanaoketi na Taliban waendelee kuketi, kwa maana njaa haisubiri. Lakini jambo la kwanza la kikao liwe kiti kilicho kitupu, si la mwisho wala la siku ya pili.

Shangazi nilimsomea daftari lote. Alisikiliza mpaka mwisho, akakusanya vikombe, akarudi jikoni. Hakunilaumu, na mpaka leo natamani angenilaumu.