Mwali wa Kale

Waitaliano huuita mwali wa moto *fiamma*. Wamelirithi neno hilo kutoka Kilatini, *flamma*, lenye undugu na *flagrare*, kuwaka. Njiani herufi l ililainika ikawa i, kama *flumen*, mto, ulivyokuja kuitwa *fiume*. Tangu enzi za Warumi neno hilo limetaja moto wa kuni na moto wa moyo.

Moto huu wa pili ndio unaonirudisha kwa Dante, mshairi wa Kiitaliano. Katika wimbo wa 30 wa *Purgatorio*, utenzi wake kuhusu safari ya toharani, Beatrice, mwanamke aliyempenda, aliyefariki mwaka 1290, anamtokea akiwa na shela nyeupe, joho la kijani na vazi jekundu kama mwali: rangi za imani, matumaini na mapendo. Dante anatetemeka. Anageuka, kama mtoto amtafutaye mama, amwambie Virgil, mshairi wa Kirumi aliyekuwa akimwongoza, kwamba penzi la zamani limeamka, na neno linalomjia ni *fiamma*. Virgil hayupo tena.

Kauli ile Dante aliipata kwa Virgil mwenyewe. Katika kitabu cha 4 cha utenzi wake, *Aeneid*, ndivyo Dido, malkia wa Carthage, anavyomfungulia moyo dada yake Anna anapoanza kumpenda Aeneas, shujaa wa utenzi huo. Mwali wa Dido ulimfikisha juu ya rundo la kuni, akajiua. Mwali wa Dante unampandisha mbinguni.

Kwa nini moto mmoja uue, mwingine uokoe? Ukali si sababu, maana wote wawili walipenda kwa moyo wote. Lakini Dante, katika wimbo wa 27, alikwisha kupita kwenye moto wanamotakaswa waliotawaliwa na tamaa. Aliganda kwa hofu, mpaka Virgil alipomwambia kwamba Beatrice yuko ng'ambo. Ndani, joto lilikuwa kali hivi kwamba angejitosa kwenye kioo kilichoyeyuka apate ubaridi. Akatoka mzima. Naamini kilichoteketea mle ni ile hamu ya kummiliki mpendwa.

Wala Beatrice hakumlaki kwa bashasha. Alimkemea mpaka akalia na kutubu, ndipo akavushwa mto uliowatenganisha. Kwa hiyo siamini kwamba Mungu anatutaka tuzime mapenzi tuliyonayo kwa watu. Anatutaka tukubali yatakaswe, hata tuweze kumpenda mtu bila kumshika mateka, na kuusikia ukweli kutoka kinywani mwake bila kumkimbia.