Anayeshurutishwa na Rafikiye, Dhima ni ya Nani?

Mwenzetu mmoja aliyerejea kutoka Kathonzweni, huko Makueni, alituuliza darasani: mtu akishurutishwa na rafikiye mwenye nguvu aongeze matumizi, naye akakata fungu la maskini ili apate cha kutumia, dhima ni ya nani?

Swali hili si la vitabuni. Tarehe 20 Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nchi za nje, na kufikia tarehe 1 Julai shirika la USAID lilikuwa limekoma kazi zake. Wakati huo huo iliwahimiza marafiki zake wa Ulaya watumie zaidi kwa ulinzi wao. Tarehe 25 Februari Waziri Mkuu wa Uingereza, Keir Starmer, akatangaza kwamba fedha za ulinzi zitaongezwa, nazo zitatoka katika misaada, itakayoshuka kutoka 0.5 hadi 0.3 kwa mia ya pato la taifa ifikapo 2027. Siku mbili baadaye alikuwa Washington. Mwezi wa Juni, mjini The Hague, wanachama wa NATO wakaafikiana kufikia 5 kwa mia ifikapo 2035.

Mkulima wa Kathonzweni, katika nchi ile ya ukame, hakualikwa London wala The Hague. Lakini ikiwa dawa anazomeza kila siku zilinunuliwa kwa fedha hizo, basi maafikiano yale ameyalipia yeye.

Watu wa Ulaya wana hoja, wala hatuidharau: tangu Urusi ilipoivamia Ukraine mwaka 2022, hofu yao ni ya kweli. Hofu yaweza kumlazimisha mtu anunue silaha. Haimchagulii mfuko wa kutolea fedha. Kodi ilikuwapo, mkopo ulikuwapo. Ukachaguliwa mfuko ambao wenyewe hawana kura. Na kwamba njia ya kukataa ilikuwapo, alituonyesha Anneliese Dodds, waziri aliyesimamia misaada hiyo, aliyejiuzulu tarehe 28 Februari kwa sababu ya uamuzi huo.

Ama sisi tusijitoe lawamani. Mwaka 2001, mjini Abuja, serikali za Afrika, Kenya ikiwamo, ziliahidi 15 kwa mia ya bajeti zao kwa afya. Kenya haijafika hapo. Mkulima yule akitaka kuuliza dawa zake, Wote na Nairobi ziko karibu naye kuliko London.