Samweli Atoa Hesabu Mbele ya Watu

(Masomo: 1 Samweli 2:12–17, 8:1–22, 12:1–5)



Katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli yumo mtu mmoja asiyetajwa jina, na wengi wetu humpita bila kumwona. Alikuja Shilo na nyama ya sadaka yake. Makuhani wa mahali pale walikuwa wana wa Eli, Hofni na Finehasi, nao walikuwa na desturi yao: mtumishi wa kuhani huja na uma wenye meno matatu, huuchoma ndani ya chungu, na chochote kitakachonaswa huwa cha kuhani. Baadaye hata hilo halikuwatosha. Wakaanza kudai nyama mbichi kabla mafuta hayajateketezwa kwa Mungu. Basi mtu huyu akasema. Hakugombana, wala hakukataa kutoa. Alitaka tu mafuta yateketezwe kwanza kama ilivyoagizwa, kisha mtumishi ajitwalie apendavyo. Akajibiwa kwamba atoe sasa hivi, ama sivyo atanyang'anywa kwa nguvu.

Habari yake inakwisha hapo. Hatuambiwi kama alitoa au alirudi na nyama yake. Twajua tu kwamba aliijua taratibu, akaitaja mbele ya mtumishi wa mkubwa, naye akatishwa. Ndugu, mtu huyu si mgeni kwetu. Ndiye anayelipa ada dirishani, akaomba risiti, akatazamwa kana kwamba ametukana. Ndiye mama anayeambiwa dawa hakuna, akauliza za juzi zimekwenda wapi. Ndiye mzazi aliyechangia madawati ya shule, na mwaka umepita, na watoto wangali wanakaa chini, naye akisimama mkutanoni kuuliza, swali analorudishiwa yeye ni hili: kwani wewe ni wa chama gani?

Kisiwani Pemba sote twajua kipimo cha pishi. Wakati wa vuno la karafuu, mchumaji huteremka mkarafuuni na kupimiwa alizochuma, naye husimama pale pale akitazama. Huangalia pishi inavyojazwa, kama imesukwa au imeachwa, na kama kilele kimezidi. Mwenye shamba haoni kwamba ametukanwa. Hata kama ni mjomba wake mchumaji, pishi hupimwa mbele ya macho ya wote wawili, kisha hula pamoja. Kwa nini basi jambo lililo la kawaida chini ya mkarafuu huwa utovu wa adabu katika ofisi ya shehia, au katika mkutano wa shule, au katika baraza la mji? Fedha za umma nazo ni mavuno ya watu. Zimetoka katika kodi ya muuza samaki wa Mkoani na ya mwenye duka wa Wete. Aliyezichuma ana haki ya kusimama na kuitazama pishi.

Tuseme kweli kuhusu hofu pia, maana mahubiri yanayomwambia mtu asiogope, bila kujua anachokiogopa, hayamsaidii. Sheha ni jirani. Pengine ni ndugu ya mkeo. Kesho utahitaji uthibitisho wake ili kupata kitambulisho cha Mzanzibari, au barua yake kwa shughuli ya mtoto. Na wengi wetu Wakristo wa kisiwa hiki tuliletwa na kazi kutoka bara, au wazee wetu waliletwa na kazi. Tu wachache, na tumejizoeza kunyamaza kama wageni wenye adabu. Adabu ni njema. Lakini mtu aliyekaa miaka ishirini, akalipa kodi, akazaa na kuzika hapa, amekwisha pita siku za ugeni, na jembe alipewa zamani.

Turudi kwa Samweli. Alikulia katika nyumba ile ile ya Eli. Bila shaka aliuona ule uma. Hata hivyo, alipozeeka aliwaweka wanawe wawili, Yoeli na Abiya, wawe waamuzi huko Beer-sheba, nao wakapokea rushwa na kuipotosha hukumu. Beer-sheba ilikuwa mbali, kusini kabisa mwa nchi. (Sisi wa kisiwani twafahamu maana ya kuwa mbali na makao makuu.) Ndipo wazee wa Israeli wakakusanyika, wakamwendea Samweli Rama.

Twawaomba muwaangalie vizuri wazee hawa. Hawakwenda mmoja mmoja kama yule mtu wa Shilo, ambaye ilikuwa rahisi kumtisha. Hawakubaki barazani wakinong'ona na kahawa. Walimwendea mtu mwenye mamlaka juu ya wale vijana, wakamwambia usoni jambo lililo la kweli, ingawa lilimwumiza kama baba. Hawakuongeza chumvi wala hawakumsingizia Samweli mwenyewe wizi. Hiyo ndiyo kazi ya wananchi, na Maandiko hayawalaumu kwa hiyo hata kidogo.

Wanalaumiwa kwa dawa waliyoitaka. Walitaka mfalme. Waliona taabu ya kufuatilia waamuzi imewachosha, wakaona afadhali awepo mtu mmoja mkubwa mwenye nguvu atakayewaondolea taabu hiyo. Mungu akawaonya kwa kinywa cha Samweli kwamba mfalme huyo atawatwalia wana wao na mashamba yao na sehemu ya kumi ya mavuno, nao watakapolia hawatasikiwa. Hawakusikia.

Hapo ndipo somo hili linapotugusa. Mara ngapi tumesema, aje mkubwa mmoja mkali awafagie wote? Zanzibar imekwisha kuwa na chombo cha kazi hiyo: Mamlaka ya Kuzuia Rushwa na Kuhujumu Uchumi, iliyoanzishwa kwa Sheria Namba 1 ya mwaka 2012. Yupo Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Katiba ya Zanzibar ya 1984, katika kifungu cha 18, inataja haki ya raia kupewa habari za mambo yanayogusa maisha yake. Tumshukuru Mungu kwa hayo yote. Lakini hakuna ofisa, hata awe mkali namna gani, awezaye kujua kilichopita dirishani kati ya watu wawili ikiwa aliyekuwapo hasemi. Mkaguzi huona karatasi. Kama karatasi inasema mifuko hamsini ya saruji ilifika katika shehia, ni wale waliokuwa wakipita njiani siku ile wanaojua kwamba ilishuka thelathini.

Nchi jirani ya Uganda ilitoa mfano ambao twapenda uangaliwe. Mwaka 1996 ulifanywa uchunguzi wa fedha za matumizi ambazo serikali ilikuwa ikizipeleka kwa shule za msingi. Ikaonekana kwamba kati ya 1991 na 1995, katika kila shilingi mia zilizotolewa kwa kazi hiyo, kwa wastani ni 13 tu zilizofika shuleni. Wazazi hawakuwa wakiuliza, kwa sababu hawakujua kwamba zimetumwa. Serikali ikaanza kutangaza magazetini kiasi kilichopelekwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika karatasi ukutani kuonyesha walichopokea. Kufika mwaka 2001, zaidi ya 80 katika kila mia zilikuwa zinafika. Wataalamu wamebishana ni kiasi gani sifa hiyo ni ya magazeti, kwa kuwa yalifanyika mabadiliko mengine pia. Sisi twaona inatosha kusema hivi: karatasi ukutani ilimpa mzazi neno la kusema. Hakuhitaji tena kumshuku mtu. Aliweza kusoma na kuhesabu, kisha akauliza.

Kisiwa chetu nacho kina habari yake. Mwezi wa Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kuondoa hali ya utumwa katika sheria za Unguja na Pemba. Lakini mtumwa hakuwekwa huru kwa amri hiyo peke yake. Ilimpasa aende mwenyewe mahakamani akauombe uhuru wake, naye bwana akalipwa fidia. Masuria hawakuhesabiwa kabisa mpaka mwaka 1909. Fikirini safari ya mtu wa shamba la mbali, aliyezaliwa utumwani, akitembea kwenda kusimama mbele ya ofisa na kusema, nataka kilichoandikwa kuwa ni changu. Haki ilikuwa imekwisha andikwa, lakini asiyekwenda kuidai ilimpita. Na aliyewekwa na serikali kuwa kamishna wa mambo hayo Pemba alikuwa padri wa Misheni yetu ya Universities', Arkidikoni Farler, aliyekuwa zamani Magila. Kwa hiyo tangu mwanzo Kanisa letu hapa limekuwa na watu pande zote mbili: wengine nje wakiomba, na mmoja wetu ndani akiamua.

Ndivyo ilivyo hata leo, na hili ndilo gumu zaidi kuliandika. Wamo miongoni mwetu walio polisi, walio bandarini, walio katika hospitali na shule na ofisi za serikali. Wanakuja Misa pamoja nasi. Kwao hatuna shauri jipya zaidi ya lile la Yohana Mbatizaji kwa watoza ushuru na askari (Luka 3:12–14). Hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia wasitoze zaidi ya kilichowekwa, wasimwonee mtu, waridhike na mshahara wao. Twajua mshahara ni mdogo na maisha ni ghali. Lakini aliye nje ya dirisha, mara nyingi hana mshahara kabisa.

Tena tusiwasahau watoaji. Jirani zetu Waislamu, ambao ndio wenyeji na ndio wengi kisiwani hapa, hufundishwa kwamba laana ya rushwa humpata anayetoa na anayepokea pamoja. Katika jambo hili twasimama nao bega kwa bega, na mkutano wa shehia ndio mahali pa kusimamia. Mkristo anayeruka foleni kwa noti iliyokunjwa, kisha akasikitikia rushwa nchini, amemsukuma nyuma mtu aliyekuja mapema kuliko yeye. Hatumsemi mama mwenye mtoto anayechomwa na homa, ambaye ametoa kwa kulazimishwa, huyo ameibiwa. Twasema habari ya yule anayetoa kwa sababu ana haraka.

Na yeyote atakayeuliza, aulize jambo analolijua. Sheria ya Musa haikukubali shahidi mmoja (Kum. 19:15), na Paulo hakutaka shtaka juu ya mzee lisikilizwe bila mashahidi wawili au watatu (1 Tim. 5:19). Kisiwa ni kidogo na fitina hutembea upesi kuliko gari la Chake. Kumwita mtu mwizi kwa sababu tu amejenga nyumba ya bati jipya ni dhambi, hata kama baadaye ikija kuonekana aliiba. Nendeni wawili au watatu. Nendeni na tarehe, na kiasi, na risiti kama ipo. Ulizeni kwa heshima, na jibu likiwa zuri, litangazeni kwa sauti ile ile mliyoulizia.

Sasa tufikie sura ya kumi na mbili. Mfalme amekwisha patikana, na Samweli anastaafu. Angeweza kwenda nyumbani kwake Rama akale uzee wake kwa amani, na hakuna ambaye angemfuata. Badala yake akasimama mbele ya Israeli wote, mvi kichwani, akawataka wamshuhudie mbele za Bwana na mbele ya mfalme: kama yupo aliyetwaliwa ng'ombe au punda, kama yupo aliyedhulumiwa au kuonewa, kama yupo aliyetoa rushwa ili Samweli afumbe macho, aseme, naye atarudisha. Wanawe walikuwapo katikati ya watu. Aliwataja yeye mwenyewe. Si jambo dogo kwa mtu ambaye nyumba yake ilikuwa imekwisha semwa. Watu wakajibu kwamba hakumdhulumu mtu wala hakutwaa kitu.

Jibu hilo lilikuwa na thamani kwa sababu hao ndio waliomwendea Rama zamani na kumsema wanawe. Sifa ya watu wasiouliza kamwe haimthibitishi mtu yeyote. Twafikiri kila kiongozi mwema wa kisiwa hiki, na wako, angefurahi kupata siku kama ile ya Samweli kabla ya kukabidhi ofisi.

Mtume Paulo naye, alipokuwa akipeleka mchango mkubwa wa maskini wa Yerusalemu, hakuubeba peke yake. Walikuwapo ndugu wengine waliochaguliwa na makanisa kusafiri pamoja na fedha, ili mtu asipate la kumlaumu (2 Kor. 8:18–21). Paulo hakuona haya kulindwa namna hiyo, na sisi hatuna sababu ya kuona haya. Hofni na Finehasi hawakuwa maofisa wa serikali. Walikuwa makuhani, na ule uma ulikuwa wa hekaluni.

Kwa hiyo hesabu za mtaa wetu za mwaka uliopita, yaani sadaka za Jumapili, michango ya paa, na zawadi tulizoletewa na wageni, zimekwisha andikwa. Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya Misa, daftari litawekwa juu ya meza karibu na mlango pamoja na risiti zake. Wazee wawili wa kanisa watakaa hapo, na padri atakaa nao, mpaka wa mwisho amekwisha kuuliza. Asiyejua kusoma atasomewa.