Kivuli Mbele ya Nyota

Nyota HD 209458 haionekani kwa macho matupu, hata usiku wa giza totoro. Iko katika kundinyota la Farasi, takriban miaka ya nuru 160 kutoka kwetu, nyeupe yenye umanjano, kubwa kidogo kuliko Jua.

Septemba 1999, David Charbonneau, wakati huo mwanafunzi wa Harvard, aliifuatilia kwa darubini ya sentimita 10 iliyowekwa kwenye maegesho ya magari mjini Boulder, Marekani. Maegesho ya magari! Mwanga wa nyota ulififia kwa karibu asilimia 1.5, ukakaa hivyo saa kama tatu, kisha ukarudi. Sayari ilikuwa imepita mbele yake. Kundi jingine liliona jambo hilohilo Novemba, ambalo kabla ya Septemba hiyo halikuwahi kushuhudiwa kwa nyota yoyote ya mbali.

Sayari yenyewe ni ya ajabu: pana kuliko Mshtarii lakini nyepesi zaidi, na mwaka wake ni siku tatu na nusu tu.

Mwaka 2001 wanasayansi wakatangaza kwamba darubini ya Hubble, ikipima mwanga uliopenya pembezoni mwa sayari hiyo, imekuta sodiamu, elementi ileile iliyomo kwenye chumvi ya jikoni.